Blanketi Moja la Topista

Simu ya Jovia ilinikuta nikifumua kola ya shati. Nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti cha chumba changu cha kupanga huku Namakwekwe, asubuhi, na mbele yangu kulikuwa na kikapu cha vitambaa vya kumpelekea dada yangu Topista, Jinja. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu katika kazi yake. Niliwazungukia wauza mitumba sokoni Mbale nikachukua nguo zilizochanika, zile ambazo hata wao wameshindwa kuziuza. Nilizifua, nikang'oa vifungo, nikafumua mishono, nikakata vipande vya mraba. Yeye alishona. Alikuwa akisema Mungu aligawa vizuri kwetu: mmoja alimpa mikono ya kuunganisha, mwingine akampa ya kubomoa.

"Mama Andrew," Jovia akasema, "uko na mtu hapo karibu?"

Jovia ni jirani wa dada, mke wa polisi mstaafu, mtu wa kucheka. Siku hiyo sauti yake ilikuwa imenyooka kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Niko peke yangu. Sema tu."

"Dada ameanguka bombani. Tumembeba tukampeleka hospitali."

"Ameanguka, au amekufa?"

Nyuma yake nilisikia mwanamke akilia kwa Kisoga.

"Amekwenda, Mama Andrew. Hata mlango wa hospitali hakuuona. Wanasema ni presha."

Nilimaliza kuifumua ile kola. Sijui kwa nini. Niliivuta nyuzi moja moja, nikaikunjua, nikaiweka kikapuni pamoja na nyingine. Na kitu cha kwanza kilichonijia moyoni hakikuwa sala, Bwana anisamehe. Kilikuwa blanketi la samawati.

Pasaka iliyopita tulikuwa tumekaa kitandani kwake, yeye akisali rozari na kushona kwa zamu. Akamaliza, akafungua sanduku lake la bati, akanionyesha lile blanketi dogo kama nilikuwa silijui. "Ketty," akaniambia, "siku mtakayonizika, uniweke hili mikononi. Si miguuni, si chini ya kichwa. Mikononi, kama mtu anayekwenda kumfunika mtu." Nikamwambia yeye ndiye atakayenizika mimi, kwa vile anavyopanda ngazi za hospitali haraka kuliko wauguzi. "Niahidi kwanza, utani baadaye," akasema. Nikaahidi, mkono wangu juu ya rozari yake.

Ili muelewe blanketi hilo lilikuwa nini kwake, inabidi nirudi nyuma kidogo.

Sisi ni watoto wa magereza. Baba alikuwa askari magereza, Mteso kutoka mji wa Kumi, mama alikuwa Mgisu, na katika zile nyumba za safu za Mbale, Kiswahili ndicho kilichotulea, kwa sababu kila mlango ulikuwa na kabila lake. Watu wengine wa nchi hii wakisikia Kiswahili hukumbuka bunduki za wanajeshi. Sisi tulisali kwacho. Topista ndiye aliyenifundisha Salamu Maria, akinisuka nywele na kunipiga chanuo kichwani kila nilipokosea.

Aliolewa na Isiko, Msoga wa Buwenge, aliyekuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo mjini Jinja. Walipewa nyumba katika mtaa wa Walukuba. Isiko alikuwa mtu mpole, mwenye aibu, wa kushukuru hata akipewa maji. Mwaka wa pili Topista akazaa mtoto wa kike. Mtoto alilia mara moja, akanyamaza, na hakulia tena. Hakukuwa na wa kumbatiza; alipofika mtu wa kumwita padri, ilikuwa imekwisha.

Walikuwa wamekwenda hospitali bila hata kitambaa cha mtoto. Wengi walikwenda hivyo na wengi bado wanakwenda hivyo. Mtoto alizungushiwa gazeti, akawekwa katika katoni ya sabuni, na Isiko akaifunga katoni nyuma ya baiskeli akaenda nayo Buwenge kwao. Kule, mama hamziki mtoto wake wa kwanza macho yakiona. Yaani haruhusiwi kwenda maziko, wanaogopa tumbo litafunga. Topista alibaki kitandani wodini, maziwa yakimtoka. Tumbo lilifunga hata hivyo. Hakuzaa tena.

Isiko hakuwahi kumwambia mtoto alilazwa wapi. Si kwa ubaya. Alikuwa akifungua mdomo, halafu anatoka nje. Siku alipozikwa yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, Topista alimfuata shemeji yake Erisa, ndugu mdogo wa Isiko, aliyekuwa ameshika jembe siku ile ya katoni, akamuuliza. Erisa alinyoosha mkono upande wa nyuma wa nyumba. Palikuwa na mgomba, alisema, lakini shamba lilikodishwa, trekta likapita, na sasa ni miwa. Topista alisimama akaitazama miwa mpaka watu wakaja kumshika mkono.

Hapo ndipo alipokata shauri kwamba blanketi halitapelekwa kaburini, kwa kuwa kaburi halipo. Litapelekwa kwa mtoto mwenyewe.

Blanketi lenyewe alilishona mwezi uleule aliofiwa, na aliyemfundisha ni Lataben. Huyu alikuwa Mgujarati mwenye duka la vitambaa mjini Jinja, mama mnene aliyeketi juu ya stuli ndefu akiona kila mkono ulioingia dukani. Topista alikwenda kuomba mabaki.

"Wewe nataka vipande fanya nini?"

"Blanketi, mama."

"Ya nani?"

"Ya mtoto."

Lataben akalitazama tumbo lake, akatazama mgongo wake. "Mtoto iko wapi?"

"Ameshaondoka."

Topista alinisimulia kwamba yule mama alishuka kwenye stuli, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wateja wakubwa, akaenda nyuma, akarudi na sari yake kuukuu ya samawati. "Kwetu mtoto halali na nguo mpya," akasema. "Mpya nakwaruza. Nguo ya bibi, ile imefuliwa mpaka imechoka, hiyo ndiyo ya mtoto." Akamwonyesha jinsi ya kulaza nguo tabaka tatu, viraka juu, kuukuu katikati, nyororo chini, kisha kupiga bandi, yaani mishono midogo midogo ya mkono, kuanzia ukingoni, kuzunguka na kuzunguka mpaka kufika katikati. Wao huliita godadi. Topista alipoleta kazi yake ya kwanza, Lataben aliigeuza nyuma, akaicheka. "Hii bandi au njia ya mlevi? Fumua yote." Alifumua. Mara tatu alifumua. Ya nne Lataben akampa gunia la mabaki.

Lile la samawati akaliweka sandukuni. La pili akalipeleka wodini kwa mama mwingine aliyefika bila kitu, na hakuacha tena. Tangu hapo mpaka siku alipoanguka, dada yangu alikuwa akishona blanketi moja, analifua, analinyoosha, analipeleka, ndipo anaanza jingine. Ukiacha lile la sandukuni, hakuwahi kuwa na mawili ndani ya nyumba. Alisema likikaa, linaanza kuwa lake.

Yote yalikuwa saizi moja. Na hapa ndipo watu walipokuwa hawamwelewi. Aliwapa walio hai, na aliwapa waliokufa. Muuguzi mmoja, binti mzuri tu asiye na ubaya, alimwambia, "Mama, huyu amekwisha. Mpe yule wa kitanda cha pili, huyu atazikwa tu." Topista akamjibu, "Wa kitanda cha pili ana mama wa kumkumbatia, binti yangu." Akamfunga yule marehemu vizuri, akamfunika mpaka kidevuni, akampa babake ambebe mikononi. Nilikuwepo siku hiyo. Yule baba alikuwa mtu wa machimbo ya mchanga, mikono imepasuka, na alikuwa amekuja na boksi. Aliliacha boksi pale sakafuni.

Ndiyo habari ya blanketi la samawati. Nilipanda basi la asubuhi hiyohiyo kwenda Jinja, na njia nzima niliomba kitu kimoja: nifike, nilifungue sanduku, nimwekee mikononi. Sikumwomba Mungu amfufue. Nilifikiri ombi dogo kama hilo halitapata kizuizi. Kikapu cha vitambaa kilikuwa magotini mwangu. Nilikuwa nimetoka nacho bila kujua.

Sanduku lilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na gomesi yake ya kanisani, lile gauni refu la utepe kiunoni, cheti cha ndoa, picha ya Isiko akiwa amevaa ovaroli, na rozari nyingine. Blanketi halikuwemo. Nilitoa kila kitu, nikakung'uta gomesi, nikaangalia chini ya godoro, nyuma ya cherehani bovu, ndani ya sufuria. Jovia alisimama mlangoni akinitazama.

"Unatafuta lile la samawati?"

"Liko wapi?"

"Mama Andrew, kaa kwanza."

"Jovia, mimi nimekaa toka Mbale. Liko wapi?"

Akaniambia. Wiki iliyopita vitambaa vilikuwa vimemwishia dada, na mvua ilikuwa imenichelewesha mimi na kikapu. Akaenda wodini mikono mitupu, kusalimia tu. Akamkuta msichana wa shule, mtoto kabisa, ameletwa na bibi yake kutoka vijijini, amezaa mtoto mfu. Bibi alikuwa ameanza kumkunja mjukuu ndani ya mfuko wa unga. Topista alirudi Walukuba kwa boda, akafungua sanduku, akarudi hospitali.

"Nilimwambia," Jovia akasema. "Nilimwambia, 'Dada, hilo ni la nani tena?' Akanijibu, 'Ni la mtoto.' Nikamwambia ngoja, dada yako analeta vitambaa. Akasema, 'Huyu hawezi kungoja.'"

"Huyo msichana anatoka wapi?"

"Hata kama ningejua. Liko ardhini sasa."

Nilikaa juu ya lile sanduku tupu. Nilikasirika. Nilimkasirikia dada yangu, ambaye mwili wake ulikuwa ukingoja kwenye baridi ya hospitali. Nilimkasirikia kama mtu aliye hai. Nikasema kwa sauti, "Sasa mimi nifanye nini, Topista?" Jovia alidhani namuuliza yeye. Akasema, "Tushone jingine. Vitambaa si hivyo umekuja navyo?"

Niliona hiyo ni akili. Yeye alikuwa akimsaidia dada kushona, mkono wake unajua bandi. Alikuwa ameshatunga uzi kwenye sindano Erisa alipoingia.

Erisa ndiye mkubwa wa ukoo sasa, mzee mwembamba aliyekuwa mlinzi kiwandani enzi za Isiko. Alikuja na pikapu kuuchukua mwili, ulale Walukuba usiku mmoja kisha uende Buwenge. Akaona sindano.

"Weka chini."

"Ni blanketi ya marehemu, bwana," Jovia akasema.

"Najua ni ya marehemu. Ndiyo maana nasema weka chini. Maiti iko juu ya ardhi, hakuna kulima, hakuna kushona. Ukishona sasa, unashona na mtu mwingine ndani, amfuate."

"Hayo ni ya zamani, shemeji," nikamwambia. "Sisi ni Wakristo."

"Mimi pia nimebatizwa, Ketty. Mimi ni Erisa, jina la nabii, si la mganga. Lakini nimechimba makaburi mengi kuliko wewe." Akamgeukia Jovia. "Binti yako anajifungua lini?"

Binti wa pili wa Jovia alikuwa na mimba kubwa, kila mtu alijua. Jovia alichomoa uzi kwenye sindano, akaichomeka sindano kwenye mto wa dada, na hakuigusa tena. Mimi mwenyewe nisingeweza. Siwezi kushona, ninajua kufumua tu. Nilijaribu kuunganisha vipande viwili nikiwa nimejificha nyuma ya jiko, na mishono ikaachia nilipoivuta, nikavitia motoni.

Nikaenda hospitali. Nilimwomba muuguzi wa zamu aangalie kabati, kama kuna hata moja ambalo bado halijatumika. Alifungua milango yote miwili ili nione mwenyewe. Palikuwa na glavu na ndoo. "La mwisho lilitoka kabla hata ya lile la samawati," akasema, na macho yake yakajaa. Alinionyesha hata mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, bado amelala ndani yake. Nilikatazama kale katoto, ngumi mbili juu ya viraka vyangu. Nilivitambua viraka: gauni la maua nililolifumua wakati wa Kwaresima. Nilitoka haraka kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeanza kunyooka kulichukua.

Yule muuguzi, kwa huruma, aliwapigia simu wanawake waliowahi kupewa mablanketi, wale aliokuwa na namba zao. Habari ikatembea. Kufikia saa tisa alasiri, mwili ukiwa tayari umelazwa sebuleni, wanawake walianza kufika Walukuba na mablanketi. Waliyafua, wakayakunja. Mengine yalikuwa yamechakaa, mengine yamekatwa yakaongezwa. Walikuja wa kanisani kwetu, Waislamu, na walokole. Wakaketi uani kila mmoja na blanketi mapajani, na mimi nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikamwambia Mungu asante. Nilisema mapema mno.

Erisa alisimama mlangoni, akauliza kwa utulivu, "Nyinyi mama, watoto waliolalia hizi nguo wako hai?"

Wakajibu kwa furaha kwamba wako hai. Mmoja akasema wake yupo darasa la sita na hasikii la mtu. Wakacheka kidogo.

"Basi rudini nazo. Nguo ya mtu aliye hai haiingii shimoni na maiti. Itamwita mwenyewe."

Hakupaza sauti. Lakini niliwaona. Mikono yote, mmoja baada ya mwingine, ilirudi juu ya mablanketi ikayashika. Hata walokole. Hakuna aliyebishana. Mwanamke mmoja aliinuka akalificha lake chini ya shuka alilojifunga, kana kwamba maiti ingeweza kuliona. Wakabaki wakaimba, wakasali, wakalia kwa kweli, lakini blanketi hata moja halikubaki.

Ila la Madinah. Huyu anauza chapati karibu na lango la zamani la kiwanda, mwanamke mfupi, mwenye ulimi mkali. Alinivuta mpaka nyuma ya bomba, palepale dada alipoanguka, akanitia furushi chini ya kwapa.

"Chukua, usiseme."

"Madinah, si umesikia?"

"Nimesikia. Yule mzee wenu anaongea kama redio ya betri mpya." Akatazama pembeni. "Mwanangu alizaliwa kama panya. Walisema hafiki jioni. Dada yako alimfunga katika hili, akakaa naye kifuani mpaka nikapata nguvu. Sasa anacheza mpira, anavunja vioo vya watu. Nitamnyima dada yako kitambaa?"

"Huogopi?"

"Naogopa," akasema. "Chukua kabla sijaogopa zaidi."

Akaenda zake bila kuaga.

Nililala na lile furushi chini ya kichwa, kama kulala ni kufumba macho. Mimi ni Mkristo. Najua hakuna kitambaa kinachoweza kumwita mtoto wa mtu. Anayeita ni Mungu peke yake. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Katekista aliyekuja kuongoza sala alinikuta nimekaa nalo, nikamweleza yote, nikamuuliza kama ni dhambi. Akanijibu kwamba kule aliko Topista hakuna baridi, na mtoto yule hahitaji blanketi. Labda ni kweli. Lakini katekista hakuwepo siku ya katoni, wala hakuahidi kitu juu ya rozari. Na mimi nilikuwa na swali ambalo sikuthubutu kumuuliza: mtoto ambaye hakupata maji wala jina, yuko upande gani, na nani kamfunika muda wote huo? Topista hakuwahi kuliuliza hilo kwa mdomo. Aliliuliza kwa sindano, kwa kila mtoto wa mtu mwingine.

Asubuhi tukaenda Buwenge, mimi nyuma ya pikapu pamoja na jeneza, Jovia pembeni yangu. Miwa ilikuwa imekomaa, imesimama mpaka karibu na ukuta wa nyumba. Walimwingiza ndani, na kabla ya kufunga jeneza wakawaita ndugu wa damu waage. Huku kwao marehemu hufungwa mashuka, na juu ya mashuka lubugo, ile nguo ya gome la mti. Mabinti wa ukoo na wakwe walikuwa wameleta vyote. Walikuwa wameacha uso na mikono wazi kwa ajili yangu. Erisa alikuwa amewaambia waiache. Alijua ninachokitafuta.

Nilikuwa nimebeba vitu viwili: furushi la Madinah na kikapu changu.

Nilifungua furushi. Lilikuwa blanketi zuri sana. Bandi zilikuwa zimenyooka, na katikati kulikuwa na kiraka cha kijani kutoka sketi yangu mwenyewe ya shule ya sekondari. Nililishusha mpaka likagusa vidole vyake. Halafu nikaona doa la chai kwenye ukingo, na alama za meno ya mtoto pale alipokuwa akilitafuna wakati meno yanaota. Nikajua siwezi. Si kwamba niliamini maneno ya Erisa. Ni kwamba Madinah aliyaamini, na alinipa hata hivyo. Na siku mtoto yule atakapopata homa yoyote ile, mama yake atakaa kando ya kitanda akiwaza shimo la Buwenge. Dada yangu alishona ili mama mmoja asikae hivyo. Nililikunja nikampa Jovia. "Mrudishie mwenyewe. Mwambie amfunike nalo mwanawe leo usiku, amwone mzima."

Mikono ya Topista ikabaki mitupu.

Nilipiga magoti. Nililia kwa namna ambayo sikuwa nimelia bado, kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa, na nafasi ya kushinda ilikuwa imekwisha. Ni hapo, nikitafuta leso kikapuni, ndipo vidole vyangu viliposhika vile vitambaa. Viraka vya mraba, vimefuliwa, vimekatwa, vimepangwa rangi kwa rangi. Hakuna mtoto aliyevilalia. Hakuna sindano iliyoviingia tangu msiba uanze; niliifumua kola ya mwisho Jovia akiwa bado kwenye simu.

"Shemeji Erisa," nikasema, "na hivi?"

Alikuja, akachukua kimoja, akakigeuza huku na huku, akakinusa. Wanawake walimwangalia.

"Hizi si nguo ya mtu," akasema hatimaye. "Hizi ni vipande tu. Weka."

Nikavifunga kwa utepe wa gomesi yangu, nikaviweka mikononi mwake, nikamkunja vidole juu yake. Kisha nikatoa kikapuni sindano yake na kibunda cha uzi, ile sindano niliyoichomoa kwenye mto wake, nikaviweka pembeni ya vitambaa. Erisa akaiona, akanyoosha mkono taratibu, akaichukua.

"Chuma hapana, Ketty."

"Atashonaje?"

"Chuma hapana," akarudia, na sauti yake ilikuwa imepasuka. Uzi akauacha.

Wakafunga uso, wakafunga lubugo, wakapigilia kifuniko. Ahadi yangu ilikuwa blanketi. Nilichompa ni kazi, bila sindano. Sijui kama imepokelewa. Namwomba Mama Maria, ambaye naye alimfunga mwanawe nguo, amtafutie pa kuazima sindano.

Kaburi lilichimbwa kando ya la Isiko. Nilimwomba Erisa anionyeshe na mimi palipokuwa na mgomba, akanionyesha, na akakubali kichwa cha jeneza kielekee upande huo. Padri hakufika, alikuwa na maziko mengine. Katekista alisoma, akanyunyiza maji ya baraka. Jovia alisema maneno machache, akakatika. Wanawake kadhaa wa Jinja walikuwa wamekuja kwa teksi, watoto wao mgongoni. Tuliimba. Wanaume walishusha jeneza kwa kamba, Erisa akiwa upande wa kichwa. Nilitupa udongo mara moja, nikasogea wengine watupe. Walipomaliza kujaza, walipiga udongo kwa migongo ya makoleo, wakasimika msalaba wa mbao wenye jina lake. Mvua ilianza kunyunya. Watu wakaingia kibandani kula, nami nikabaki pale mpaka Jovia aliponiletea mwavuli, tukatembea hadi barabarani, nikapanda gari la kurudi Mbale.